Shule ya Mtoto: Kaeni Chini Wawili Kabla ya Kuchukua Fomu

Kwa wale wenye mtoto anayekaribia miaka mitano au sita, najua kuna mada moja ambayo siku hizi haiishi nyumbani: tumpeleke shule gani? Safu ya leo ni yenu.

Niseme mapema ninachoamini. Shule nzuri si ile yenye basi jipya, wala ile anayosoma mtoto wa bosi wako. Ni ile ambayo nyinyi wawili mmekubaliana, ambayo mtoto anaweza kwenda na kurudi bila kuchakaa, na ambayo mnaweza kuilipia hadi darasa la mwisho bila kukopa kila Januari. Likikosekana mojawapo kati ya hayo matatu, mzigo utarudi nyumbani, na mtaubeba ndani ya ndoa yenu.

UGOMVI SI WA SHULE

Wanandoa wengi wakianza kubishana kuhusu shule, kwa kweli hawabishanii shule. Mama aliingia kidato cha kwanza akakuta kila somo ni kwa Kiingereza, akakaa miezi hafungui mdomo darasani, na sasa ameapa mwanawe hatapitia hayo. Baba naye alisoma Kayumba, akakaa chini sakafuni, na leo ana digrii na kazi yake nzuri. Haoni kwa nini mamilioni yaende kwa mtoto ambaye bado anakojoa kitandani.

Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa maisha aliyopitia. Tatizo linaanza pale mmoja anapomwona mwenzake bahili, na huyo mwenzake anapomwona yeye mtu wa kujionyesha. Hapo hata iwe shule gani, hamtaelewana.

Kwa hiyo kabla hamjataja jina la shule hata moja, kila mmoja ajibu maswali mawili. Katika shule nilizosoma mimi, ni kitu gani sitaki kimpate mwanangu? Na ni kitu gani nataka akipate kama nilivyokipata? Mwenzio akizungumza, usimkatishe. Unaweza kuwa umeishi naye miaka minane na hujawahi kusikia habari hizo.

Halafu jamani, jambo hili ni la watu wawili. Wifi atakuja na sifa za shule ya wanawe, na mama mkwe atauliza kwa nini mjukuu wake bado anahesabu kwa vidole. Wasikilizeni kwa heshima, washukuruni, kisha mlango ukifungwa muamue wenyewe. Wao hawatakuwepo siku ya kulipa ada.

HESABU YA MIAKA, SI YA MUHULA

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaangalia ada ya muhula wa kwanza, wanaona inalipika, wanajaza fomu. Shule ya msingi si muhula mmoja. Kwa Sera ya Elimu toleo la 2023, mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa atasoma msingi miaka sita, si saba kama sisi. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Baada ya hapo kuna sekondari miaka minne, nayo ni ya lazima.

Chukueni karatasi na kalamu. Tuseme ada ya shule mnayoitaka ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka, basi la shule 800,000, halafu sare, vitabu, chakula na vile vimichango visivyoisha ni 600,000. Jumla ni 3,400,000 kwa mwaka. Ukiongeza mwaka mmoja wa awali, mtoto mmoja anahitaji 23,800,000 hadi amalize. Na hiyo ni kama shule haitapandisha ada hata mara moja.

Sasa leteni mtoto wa pili, anayemfuata kwa miaka mitatu. Kuna miaka minne ambayo mtawalipia wote kwa pamoja, 6,800,000 kila mwaka. Mnaiona hiyo hela inatoka wapi?

Swali la mwisho kwenye karatasi ndilo gumu kuliko yote: mmoja wetu akikosa kazi mwaka mzima, mshahara mmoja unaweza kuishikilia shule hii? Kama jibu ni hapana, shukeni ngazi moja mapema. Kumpeleka mtoto shule ya kawaida tangu mwanzo si jambo baya. Kumtoa darasa la tatu katikati ya mwaka kwa sababu ada imewashinda, akaacha rafiki zake na kubadilishiwa lugha ya kusomea, hilo linamuumiza, na yeye hana uwezo wa kuwaeleza linavyomuuma.

KAYUMBA SI ADHABU

Ada katika shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Mzazi bado ananunua sare na madaftari. Tusidanganyane, kwenye baadhi ya shule za mijini watoto ni wengi mno darasani, na mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Lakini zipo shule za serikali zenye mwalimu mkuu makini na wazazi wanaofuatilia, na watoto wake wanafanya vizuri tu. Mkichagua njia hii, sehemu ya hela mliyookoa inunue vitabu vya hadithi, na jioni mmoja wenu akae na mtoto asome naye kwa sauti. Mkiiacha hela iishie kwenye nyama choma, msimlaumu mwalimu.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi wanaisahau. Serikali ina shule zake chache za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam, na Arusha School kule Arusha. Nafasi zinagombaniwa, kwa hiyo anzeni kuulizia mapema.

Na kuhusu hicho Kiingereza chenyewe: kibao cha getini hakifundishi mtu. Ombeni kuketi darasani dakika ishirini, msikilize mwalimu anavyozungumza na watoto. Lugha atakayoijua mwanenu ni ile ya mwalimu wake. Na akishaijua, msimnyang'anye Kiswahili. Mtoto asiyeweza kupiga soga na bibi yake amepoteza kitu ambacho hakuna shule itamrudishia.

SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI

Chukueni mfano wa mke na mume wanaoishi Mbezi na wote wanafanya kazi Posta. Wamependa shule iliyoko mjini. Basi linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake mtoto wa miaka sita anaamshwa saa kumi na moja. Jioni analetwa saa kumi na mbili, amelala kwenye kiti na soksi moja. Anakula huku anasinzia, na kazi ya nyumbani bado iko kwenye begi. Hapo ndipo kelele zinapoanza, mama anamfokea mtoto, baba anamfokea mama.

Kabla ya kulipa, ulizeni: mtoto wetu atakuwa wa ngapi kuchukuliwa asubuhi, na wa ngapi kushushwa jioni? Kuna matroni ndani ya basi? Kisha siku moja ya kazi, ifuateni njia hiyo wenyewe kwa saa zile zile, na foleni yake yote. Mkichoka nyinyi watu wazima, mmeshapata jibu.

Wanaowaza bweni ili kukwepa foleni wajue kwamba Machi 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo mtoto mdogo ni wa kulala nyumbani. Binafsi nasema afadhali.

NENDENI WAWILI, SIKU YA MASOMO

Msiende siku ya sherehe, shule zote zinapendeza siku ya sherehe. Nendeni siku ya kawaida, na muende wote wawili. Mmoja akienda peke yake, kosa lolote baadaye litakuwa lake. Ulizeni haya:

Shule imesajiliwa na Wizara? Namba yake ya usajili ni ipi?

Darasa la kwanza lina watoto wangapi, na mwalimu wao ana miaka mingapi hapo? Shule inayobadilisha walimu kila muhula ina jambo.

Vyoo vya wadogo viko wapi? Ombeni kuviona, na mfungue bomba muone kama maji yanatoka.

Nani anabaki na mtoto kama mzazi amechelewa kumfuata?

Viboko je? Kwa kanuni, si kila mwalimu anaruhusiwa kuchapa. Ni mwalimu mkuu, au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Mwalimu akicheka mkiuliza hilo, mmejibiwa.

Kuhusu matokeo, ile orodha ya shule kumi bora haitangazwi tena na NECTA. Lakini matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti yao, ya darasa la nne na ya kumaliza shule ya msingi. Msiangalie wastani peke yake, hesabuni vichwa. Kama watoto 60 walifanya mtihani wa darasa la nne, na miaka mitatu baadaye waliomaliza darasa la saba ni 35, muulizeni mwalimu mkuu wengine wamekwenda wapi. Wengine wanahama kwa sababu zao. Lakini kuna shule zinazowaondoa au kuwakaririsha wazito ili wastani upendeze, na huyo mzito siku moja anaweza kuwa wa kwenu.

FOMU, CHETI NA USAILI

Muhula wa kwanza huanza Januari. Shule nyingi binafsi hutoa fomu kuanzia katikati ya mwaka, na shule za serikali huandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza miezi ya mwisho ya mwaka. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kishughulikieni mapema, msingoje wiki ya mwisho. Wekeni pamoja na kadi ya kliniki na picha ndogo za mtoto. Hela ya fomu kwa kawaida hairudi, kwa hiyo msichukue fomu za shule sita kwa woga. Tatu zinatosha: mnayoitaka, ya akiba, na iliyo karibu na nyumbani. Wakidai malipo ya kushika nafasi, ulizeni kama yanarudishwa na mpewe jibu kwa maandishi.

Siku ya usaili, mlazeni mtoto mapema, ale vizuri, avae nguo aliyoizoea. Wiki nzima ya kumkaririsha herufi usiku itamtisha tu. Na asipochaguliwa, asiambiwe ameshindwa. Ana miaka mitano jamani, hajashindwa kitu.

Mkishaamua, iwe imeamuliwa. Mambo yakiwa magumu, asitokee wa kusema "si ulitaka mwenyewe". Wekeni siku moja kila mwisho wa mwaka mkae na ile karatasi yenu, muone kama shule bado inamfaa mtoto na bado inaimudu mifuko yenu. Miezi mingine mtoto aende shule kwa amani. Watoto wanasikia. Jina la shule yake likitajwa kwa ukali kila ada inapofika, hatadhani mnagombania pesa. Atadhani mnagombana kwa sababu yake.

Nawatakia maamuzi mema na nyumba yenye utulivu. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.