Salamu Zetu Zitoke Mikononi Mwetu

Kila zikaribiapo Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, baadhi ya ofisi zetu, Bara na Visiwani, huagiza kadi za salamu zilizochapwa kiwandani. Juu yake aghalabu huwamo theluji, au maua yasiyoota katika ardhi yetu. Mpokeaji huisoma mara moja, kisha huitia katika mtoto wa meza. Fedha zimekwenda, na kadi haikumweleza lolote juu ya nchi wala watu walioituma.

Tunaona ipo njia iliyo bora, na twaitolea mfano kata ya Daudi, wilayani Mbulu. Nyanda za Mbulu zinajulikana kwa vitunguu saumu, maharage na viazi. Mazao hayo ni chakula, lakini pia ni mihuri. Kitunguu kikikatwa katikati hutoa duara ndani ya duara. Kiazi huchongeka umbo lolote. Na bamia ya Pemba ikikatwa hutoa nyota. Kwa kuwa mboga hunyauka upesi, umbo lake huhamishiwa kwenye mpira. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu huchongwa kwa wembe, kikagandishwa kwenye kibao, kikatiwa wino na kupigwa juu ya karatasi nene. Herufi sharti zichongwe kinyume ili zisomeke sawa. Mhuri wa namna hiyo, ukitunzwa, hutumika kwa misimu mingi.

Ndugu zetu wa Visiwani wasiione kazi hii kuwa ngeni. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla kanga hazijawa bidhaa ya viwanda vya ng'ambo, vitambaa vilipigwa chapa kwa mkono Unguja, kwa vibao vilivyochongwa. Isitoshe, vitunguu na viazi vingi viuzwavyo katika masoko ya Unguja hutoka Bara. Mlaji havijui vidole vilivyovipanda. Kadi yenye chapa ya kitunguu saumu, iliyotoka Daudi, ingemfikishia salamu za mkulima huyo.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Na watazame Iringa. Mwaka 2003 karakana ya Neema Crafts ilianza na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa mikono. Kutoka mwanzo huo mdogo ilikua ikawapatia kazi watu wengi wenye ulemavu. Kilichohitajika ni ufundi, subira na mnunuzi.

Hapo kwenye mnunuzi ndipo penye neno letu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alikusudia kuunganisha masomo na kazi yenye manufaa. Hakukusudia mwanafunzi atumikishwe bure. Kwa hiyo haitoshi ofisi kuwasifu vijana katika maonyesho, kupiga nao picha na kuondoka. Ofisi itoe oda mapema, ieleze idadi, ikubaliane bei ya haki, na ilipe kwa wakati. Kikundi kidogo hakina akiba ya kungojea malipo miezi kadhaa. Karatasi na wino hununuliwa kwa fedha taslimu. Walimu nao waifundishe kazi hii kama ufundi, na mapato yake yahesabiwe mbele ya wazazi.

Tangu chuoni tulifunzwa kwamba salamu ni amana, na kwamba anayesalimiwa hujibu kwa wema uliozidi. Adabu hiyo inatupasa pia kuangalia salamu zetu zimetengenezwa na nani, na fedha zake zimemfikia nani.

Watumishi wa Serikali wanaujua mhuri wa mpira kuliko watu wote. Mara nyingi mwananchi huufuata ofisini siku nyingi, akaambiwa arudi kesho. Mpira ni uleule na wino ni uleule. Safari hii mhuri na utoke kwa mwananchi, uje ofisini ukileta salamu, nao usiambiwe urudi kesho.