Mtoto wa miaka 15 asipewe miaka 12

Kibombo. Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu mliokimbia Kabambare na kwingineko mkakaa nasi hapa, leo sileti habari ya bei ya muhogo wala ya madaraja. Naleta ugomvi. Nagombana na watu wawili: komisionere anayezunguka katika kartie zetu akiuza miaka na majina ya watoto, na Leta ambayo kila siku inamtafutia wateja.

Mwaka 2022 mama mmoja alikuja kuniona na bahasha ya plastiki mkononi. Jina lake silitaji. Mume wake alikuwa Ubelgiji, amekubaliwa kuwa mkimbizi. Yeye na kijana wao wa miaka 15 walikuwa hapa, katika chumba cha kupanga, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege hata ya kwenda Goma. Sasa walitakiwa kusafiri pamoja mpaka Brussels. Wakati ule sheria ya Ubelgiji ilimpa mkimbizi mwaka mmoja, tangu kukubaliwa kwake, wa kuomba mke na watoto wenye chini ya miaka 18 bila kuulizwa mshahara wake ni kiasi gani na nyumba yake ina ukubwa gani. Mwaka ukipita, maswali hayo yanaanza. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha kwenda.

Katika bahasha mlikuwa na karatasi ya ubatizo, buletini za shule na kadi ya chanjo iliyoliwa na panya pembeni. Akti ya kuzaliwa hamna.

"Nilimzaa tukiwa mbioni," akaniambia. "Ndugu yangu, ukisikia risasi, unakimbilia porini au unakimbilia etasivili?"

Sikuwa na jibu. Kijana alizaliwa mwaka 2007, wakati Kodi ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa ikimpa mzazi siku 30 za kutangaza mtoto. Baadaye sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikasema siku 90, na Kodi ya Familia nayo ikarekebishwa hivyo mwaka 2016. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, unatakiwa hukumu ya tribinali inayosema kwamba mtoto huyu alizaliwa, siku fulani, mahali fulani, na mama fulani. Yaani mtoto amesimama mbele yako, ana sauti nzito na ndevu zinaanza, lakini lazima jaji athibitishe kwamba alizaliwa.

Mama akatumwa Kindu. Ninyi mnajua Kindu iko wapi: zaidi ya kilomita 100, treni haina siku, na wakati wa mvua pikipiki inabebwa kuliko inavyobeba. Alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa alete mashahidi. Alirudi. Mashahidi nao wanakula, wanalala, wanalipiwa pikipiki. Alipofika mara ya pili, mtu aliyetakiwa kupokea faili hakuwepo. Ofisi siitaji, maana kisa hiki ni cha ofisi nyingi.

Hapo ndipo komisionere alipojitokeza. Huyu bwana ana heshima zake, anaamkia vizuri, anakuita mama. Alimwambia: mama, ya nini kuteseka, nipe siku tatu tu. Akti kamili, mihuri yote. Na kwa kuwa ni rafiki, akaongeza ushauri wa bure: tumpunguze mtoto miaka, tuandike 12, Ulaya wanapenda watoto wadogo, atapata muda mrefu wa kusoma. Na kama itashindikana, kuna akti ya mtoto mwingine, tayari, ya kweli kabisa, ni kubadilisha picha tu.

Bei aliyotaja ilikuwa chini ya gharama za safari moja ya Kindu na mashahidi wawili. Katika mji wetu uongo una bei nafuu kuliko ukweli, na mwenye kupanga bei hiyo si komisionere peke yake.

Mama alikuja kuniuliza nichukue, nisichukue? Nikamuuliza: baba wa mtoto, alipohojiwa kule kuomba ukimbizi, alisema nini? Kwa sababu kule mtu anahojiwa saa nyingi, na anaulizwa mke wako nani, watoto wako wangapi, majina yao, wamezaliwa lini. Majibu yanaandikwa, yanawekwa kwenye faili. Baba alisema ana kijana mmoja, jina lake fulani, amezaliwa 2007. Sasa wewe unafika ubalozini na mtoto wa miaka 12. Afisa hana haja ya kuwa mchawi. Anafungua faili mbili, anaziweka pamoja. Mara moja yule baba aliyesema kweli anaonekana mwongo, na hata ukimbizi wake unaanza kutazamwa upya.

Kuna watu watanipigia simu redioni kusema: lakini fulani alipita hivyo hivyo, leo anatuma pesa. Ndiyo, wapo waliopita. Mimi nauliza, walipita na nini? Mtoto aliyesafiri kwa jina la binamu yake, karatasi zinasema mama yake mzazi ni shangazi. Siku mama huyo akitaka kumfuata, au akiugua na kijana akitaka kumwalika, ataandika nini? Kule kuna kipimo cha damu cha kuonyesha mama na mtoto, cha DNA. Kwa watu wa kwetu ambao karatasi zao zilichomwa na vita, kipimo hicho ni msaada mkubwa. Kwa aliyenunua karatasi, kinakuwa shahidi wa kumshitaki. Na Ubelgiji wanapokuwa na shaka juu ya umri wa kijana aliyefika peke yake, wanapiga picha za meno, za kifundo cha mkono na za mfupa wa bega. Mfupa haujui kwamba tulikubaliana 12.

Wengine wanamwambia mama: tangulia wewe, mtoto atakuja na mjomba. Hao nawapa kisa kinachojulikana, kiko katika hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya tarehe 12 Oktoba 2006. Mtoto wa kike wa Kikongo, miaka 5, alifika uwanja wa ndege wa Brussels mwezi Agosti 2002 na mjomba wake, akielekea kwa mama yake Kanada. Hakuwa na karatasi zilizotakiwa. Walimweka katika kituo cha kufungia watu wazima karibu na uwanja wa ndege, karibu miezi miwili, mama yake hayupo. Tarehe 17 Oktoba wakampandisha ndege peke yake kurudi Kinshasa, na hakuna ndugu aliyekuwa akimsubiri uwanjani. Mahakama iliihukumu Ubelgiji, ikaiamuru kulipa. Nashukuru kwa hukumu ile. Lakini ilifika baada ya miaka minne, na miezi miwili ya mtoto yule haikurudishwa.

Sasa zamu ya Leta, maana nisipoisema mtasema naogopa.

Tangu mwaka 2015 pasipoti yetu ilikuwa dola 185. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba katika dola hizo ni 65 tu zilizoingia kwa serikali. Nyingine zilikwenda kwa makampuni, nyingi nje ya nchi. Mwaka 2020 bei ikateremshwa mpaka 99. Kwa mama na kijana, hiyo ilikuwa 198, kabla ya safari ya Kinshasa kwenda kutafuta mihuri na viza. Mtu anayelima shamba la kuazima angezitoa wapi?

Na Leta inapogundua uongo, inamfungia mlango kila mtu. Septemba 2013 DGM ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliopangwa na wazazi wa nje. Serikali ilisema kuna udanganyifu kwenye mafaili. Sibishi, ulikuwepo. Lakini mamia ya watoto wenye faili safi walikaa kusubiri, wengine zaidi ya miaka miwili.

Dawa ipo na Leta inaijua. Tribinali inaweza kutoka Kindu. Imekwisha kufanyika katika nchi hii: jaji, karani na mtu wa etasivili wanakwenda mpaka kijijini, wanasikiliza mashahidi chini ya mwembe, hukumu zinatoka kwa watoto wengi pamoja. Nauliza wakubwa wa teritware na wa provensi: kwa Kibombo ni lini? Wakati wa kura mashine zilifika mpaka kwa babu asiyeona. Jaji mmoja na muhuri mmoja ni mzigo mzito kuliko mashine zile?

Mama yule hakununua. Alikwenda Kindu mara ya tatu, baba akatuma pesa ya mashahidi, hukumu ikatoka, akti ikafuata. Ombi liliingia ubalozini zikiwa zimebaki wiki tano mwaka uishe. Viza zilipotoka, kijana alinionyesha pasipoti yake kabla hajamwonyesha rafiki yake yeyote. Hakutazama picha. Alitazama mwaka, 2007, akasema, "Yaya, hapa ni mimi kabisa."

Nami nisijifanye mtakatifu. Mtoto wangu wa tatu nilimwandikisha siku ya 84, na ofisi iko dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani.

Katika chumba alichokiacha mama huyo, sasa kuna familia nyingine iliyokimbia. Wana mtoto mchanga wa kike, amezaliwa hapa hapa Kibombo, mwezi uliopita. Nimewauliza kuhusu akti, baba akasema ataona wiki ijayo. Kwa hesabu yangu zimebaki siku 52.