Chumba cha Mwanza Hakichaguliwi Kharumwa

Kila mwaka majina ya waliopata vyuo yakitoka, Kharumwa yetu nzima inageuka ofisi ya ushauri. Kijana hajanunua hata begi, lakini ameshaambiwa mtaa wa kukaa Mwanza, mtaa wa kukimbia, na mtoto wa fulani aliyeharibikia mtaa fulani. Wengi wa washauri hawa wanaijua Mwanza kwa kupeleka mgonjwa Bugando au kufuata bidhaa za duka, wakalala gesti usiku mmoja wakarudi. Nia yao njema siikatai. Ushauri wao naukataa, na sababu ninazo, maana mwaka wangu wa kwanza niliufuata karibu wote.

Wa kwanza ndio unaopendwa kuliko yote: kaa mbali na chuo, huko kodi ni nafuu. Tuupigie hesabu. Tuseme unasoma SAUT, chuo kilichopo Malimbe, kata ya Luchelele, pembeni ya ziwa. Umepata chumba Malimbe kwa 60,000 kwa mwezi na kingine Buhongwa kwa 35,000. Kharumwa watakwambia umeokoa 25,000. Lakini kutoka Buhongwa unapanda daladala hadi Nyegezi Kona, unashuka, unapanda nyingine ya kwenda Malimbe, na jioni hivyo hivyo. Kwa nauli ya LATRA iliyoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilometa 10 ni shilingi 600. Mara nne ni 2,400 kwa siku. Ukienda chuo siku 22 kwa mwezi, umetumia 52,800. Kile chumba cha nafuu kimekugharimu karibu 28,000 zaidi, na bado hatujahesabu siku ya mvua uliyopanda bodaboda ili usikose mtihani.

Sasa iweke hesabu hiyo pembeni ya bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, Bodi ya Mikopo hutoa 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Ukitoa 2,400 za daladala, karibu robo ya siku yako imeliwa kabla hujanunua hata kitumbua. Na hapo tunamzungumzia aliyepata mkopo.

Washauri wetu pia wanasahau kwamba Mwanza imetanuka kufuata barabara tatu: ya Shinyanga inayopita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa; ya Musoma inayopita Mabatini, Nyakato hadi Igoma; na ya uwanja wa ndege inayopita Kirumba na Pasiansi. Ukiwa na chuo kwenye barabara moja na kitanda kwenye nyingine, kila asubuhi safari yako inaanza kwa kuufuata mji, pamoja na foleni yake. Ndiyo maana ukiniuliza mtaa gani ni mzuri kwa mwanafunzi, nitakuuliza kwanza unasoma wapi. Anayesomea udaktari CUHAS, pale Bugando, akikaa Malimbe kwa sababu "ndiko wanakokaa wanachuo" atakuwa amepotea kama yule wa Buhongwa. Huyo atafute Bugarika au Igogo, apande kilima kwa miguu, afike wodini kabla ya daktari wake.

Wa pili: kaa kwa ndugu, utakula bure. Hapa naongea kwa adabu, kwa kuwa shangazi yangu bado yuko hai na huenda akasoma. Kwa ndugu hulipi kodi, ni kweli. Ila mgeni ni siku mbili, na jembe la mjini ni ndoo za maji alfajiri, mtoto wa kupeleka shule, na duka la kulinda wakati wenzako wako kwenye majadiliano ya kikundi. Kwa mila zetu za Kisukuma huwezi kumjibu mkubwa kwamba leo una kazi ya kukusanya. Unanyamaza, unafanya, kesho unasinzia darasani. Kama ndugu anakaa hatua chache kutoka chuoni, nenda, na ushukuru. Kama yuko Nyakato na wewe unasoma Malimbe, mpelekee mchele na michembe toka nyumbani, mle pamoja Jumapili, kisha urudi chumbani kwako.

Wa tatu unaelekezwa zaidi kwa mabinti: tafuta nyumba yenye fensi, geti linalofungwa saa tatu usiku na mwenye nyumba mkali. Naelewa hofu ya mzazi. Lakini geti la saa tatu linamfungia nje yule yule aliyechelewa maktaba, na ukali wa mwenye nyumba hauangazi njia. Hatari ya mwanafunzi mara nyingi iko kwenye ile nusu saa ya kutoka chuoni hadi mlangoni: njia yenye majani, daraja dogo lisilo na taa, kona ambayo hata bodaboda hawapendi kuipita. Nyumba isiyo na fensi iliyo jirani na duka linalofungwa saa tano, ambako mama muuza chipsi anakujua kwa jina, ni salama kuliko ngome iliyo mwisho wa njia yenye giza. Ipite njia hiyo usiku na mwenzako kabla hujalipa. Mchana kila mtaa ni mzuri.

Wa nne hunichekesha: Mwanza ina ziwa zima, maji si tatizo. Nimekaa chumba ambacho dirishani niliona Ziwa Victoria lote linang'aa, huku bomba la uani limekauka siku ya nne. Mji huu umejengwa juu ya mawe, na maji hayapandi mlima kwa hiari yake, lazima yasukumwe. Chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimeanza kazi na kimeongeza nguvu. Hata hivyo, nyumba iliyopachikwa kwenye jabali bado inategemea mgongo wa mpangaji. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, atakujibu yapo. Muulize mpangaji anayefua: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na dumu moja la kununua ni shilingi ngapi kulifikisha mlangoni. Ukiwa hapo uliza na luku, kama kila chumba kina yake au mnachangia. Luku ya kuchangia huanzisha ugomvi kati ya mwenye pasi na mwenye taa moja.

Wa tano ndio unaoniuma: mpe dalali hela, yeye anaijua Mwanza, lipia haraka vyumba visije vikaisha. Jamani, sisi ni watu wa ukanda wa dhahabu. Rashi tunaijua. Habari ikivuma kwamba kuna shimo limetema, watu wanamiminika kwa maelfu, na kibanda cha turubai kinapangishwa kwa bei ya chumba cha mjini. Anayefaidi wiki ile ni mwenye kibanda na muuza maji. Wiki chache baadaye mawe yamegoma, vibanda vimebaki vitupu. Malimbe wakati chuo kinafunguliwa ni rashi. Dalali anachukua hela ya kukuonyesha, kisha kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na hana sababu yoyote ya kukutafutia chumba cha bei ya chini. Mimi nilimlipa mmoja, akanionyesha chumba ambacho mwenyewe nilikuta kimebandikwa tangazo mlangoni.

Na hiyo haraka ina gharama nyingine. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita. Ukilipa mwishoni mwa Oktoba, inaisha mwishoni mwa Aprili, ungali na muhula wa pili mbele yako. Unalipa sita nyingine, kisha Julai unarudi Kharumwa kulima au kusaidia dukani, na chumba kinalala kitupu hadi mwaka mpya wa masomo. Chumba cha 50,000 umekilipia 600,000 kwa mwaka na umekikalia kama miezi tisa, kwa hiyo kila mwezi ulioishi humo umekugharimu karibu 67,000. Laki sita hizo ni bumu la siku sitini, lote, bila kula. Omba mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ukikataliwa, tafuta mwenzako mchangie, na mkataba uandikwe, uwe na majina na tarehe. Wenye nyumba wanaokubali wapo, ila hawapatikani wiki ya rashi.

Kuna na huu: kaa karibu na stendi ya Nyegezi, uwe jirani na gari la nyumbani. Kwenda nyumbani ni mara mbili au tatu kwa mwaka. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, hata ile hofu ya kulala ng'ambo ukisubiri kivuko imekwisha. Sina zaidi.

Mzazi unayesoma haya, mwaka huu mtume mwanao Mwanza Septemba, kabla ya wenzake, na nauli ya siku mbili tu. Siku ya kwanza aende chuoni kwake kwanza, asimame getini, na kutoka hapo atembee kwa miguu nusu saa kila upande akiuliza vyumba kwa wapangaji, mama lishe na wenye maduka. Usiku apite tena njia za vyumba alivyovipenda. Hela ya kodi ibaki kwako Kharumwa hadi atakapokupigia simu.