Jina la Kiarabu Mlangoni Halitoshi: Aila ya Kiislamu na Kula Nje Mjini São Paulo



Ukhti mmoja wa Kisauni ametuandikia kwamba mumewe anapelekwa kikazi São Paulo, Brazil, kwa miezi mitatu, naye ataandamana naye pamoja na watoto wao wawili. Aliloliuliza ni jambo moja tu: siku ambayo hakupika, watakwenda kula wapi? Swali ni fupi, lakini jawabu lake ni refu, kwa kuwa São Paulo ni mji wa watu zaidi ya milioni 11, na ni mji unaopenda kula nje kuliko miji mingi.

Kwanza tuanze na ajabu yake. Brazil ndiyo nchi inayouza kuku wengi zaidi ng'ambo duniani, na sehemu kubwa ya kuku hao huchinjwa kisheria kwa ajili ya nchi za Kiislamu. Kuku anayeliwa Jeddah au Dubai huenda alichinjwa Brazil, katika machinjio yenye wachinjaji Waislamu na wakaguzi wanaotoa cheti cha halali. Mgeni hudhani basi kwamba nchi yenye kulisha Waislamu kiasi hicho itakuwa na halali kila kona. Sivyo. Kuku yule hupakiwa merikebuni. Yule anayebaki dukani na mikahawani São Paulo, kwa kawaida, ametoka katika uchinjaji wa kawaida wa nchi, ambao sheria yake inataka mnyama apigwe ganzi kwanza, na ruhusa ya kuacha hivyo hutolewa kwa uchinjaji wa kidini tu. Wako watakaomwambia dada yetu kwamba nchi ile ni ya Ahlul Kitabu na kwa hivyo asijitaabishe. Mas-ala hayo yana rai za wanazuoni, na mahali pake ni kwa sheikh wake kabla ya safari. Safu ya mapishi haitoi fatwa. Sisi tutamwonyesha tu milango ilipo, na yaliyomo nyuma ya milango hiyo.

La pili lenye kuwachanganya wageni wa Kiislamu ni wingi wa vyakula vya Kiarabu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Syria na Lebanon walihamia São Paulo kwa maelfu, wakaanza na uchuuzi, kisha wakafungua maduka ya vitambaa katika barabara ya Rua 25 de Março. Kibbeh yao ikawa "quibe", na mkate wao mdogo wenye nyama juu ukawa "esfiha", na leo vitu hivyo viwili huuzwa kila pembe ya mji kama sambusa na viazi karai kwetu. Mbrazili hula esfiha bila kukumbuka kwamba ni ya Kiarabu. Lakini wengi wa wahamiaji wale wa mwanzo walikuwa Wakristo, na mikahawa yao ilikua pamoja na mji, ikapika kwa desturi za mji. Almanara, ambayo ilianza mwaka 1950, ni jina linaloheshimika kwa chakula cha Kilebanoni. Habib's, yenye matawi mengi na esfiha za bei nafuu, ilianzishwa mwaka 1988 na bwana mzaliwa wa Ureno, na pamoja na jina lake huuza pia vitamutamu vya Kireno. Sisemi mtu asiingie. Nasema jina la Habib mlangoni si cheti, na picha ya ngamia ukutani haikuchinja kuku. Aulize nyama imetoka wapi kabla ya watoto kuketi, kwani wakishaketi na kunusa harufu ya mkate, mama hana tena hoja ya kuwaondoa.

Basi pa kuendea hasa ni wapi? Ni Brás na Pari, mitaa miwili iliyopakana upande wa mashariki wa katikati ya mji. Brás ni soko kuu la nguo za jumla. Wanawake wafanyabiashara wa Angola huvuka Atlantiki kuja kununua mizigo pale. Ndani ya mitaa hiyo imo misikiti, yamo maduka ya nyama iliyochinjwa kisheria, na imo mikahawa ya Walebanoni, Wapalestina na Wasyria ambayo wateja wake wenyewe ni Waislamu. Hilo la mwisho ndilo la kutazama. Mkahawa ambao imamu na wafanyabiashara wa mtaa huingia baada ya sala ya Ijumaa hauhitaji maelezo mengi. Jamii hiyo imeongezeka tangu mwaka 2013, Brazil ilipoanza kuwapa Wasyria waliokimbia vita viza za kibinadamu. Wengi wao walianza maisha mapya kwa kuuza chakula, na shawarma na falafeli zao ni za nyumbani hasa. Kituo cha treni ya chini kwa chini kinaitwa Brás, katika njia nyekundu, kwa hivyo kufika si kazi.

Ila aende mchana. Soko la jumla huamka alfajiri na kufunga mapema, na jioni barabara zile hubaki tupu. Simu na iwe mkobani, si mkononi. Wizi wa simu ni balaa ya mji ule, na wenyeji wenyewe humwonya mgeni. Akitaka kwenda usiku, atumie gari mpaka mlangoni.

Msikiti mwingine wa kuujua ni Mesquita Brasil, ulioko Cambuci, kando ya Avenida do Estado. Jumuiya ya Waislamu iliyoujenga iliundwa mwaka 1929. Siyo mkahawa, naam, lakini akina mama wa msikitini ndio watakaomwambia ni bucha ipi ya kuaminiwa mwaka huu na mpishi gani amehama. Habari ya namna hiyo hubadilika, na hakuna karatasi inayoiwahi.

Sasa tuseme yuko mbali na Brás, saa sita imepita, na watoto wanalia njaa. Hapo namsifia mkahawa wa kilo. Wabrazili huuita "por quilo": vyakula hupangwa wazi mezani, mtu hujipakulia mwenyewe, sahani hupimwa kwenye mizani, na hulipa kwa uzito. Kwa mama Mwislamu ni neema, kwa sababu anakiona kila kitu kabla ya kukigusa. Atapata wali uliokaangizwa kitunguu saumu, mboga za majani, saladi, mayai, samaki, na "vinagrete", ambayo ni kachumbari yetu kwa jina jingine. Hatari yake imekaa kimya ndani ya maharagwe. Maharagwe ya Brazil, mekundu au meusi, mara nyingi hupikwa na vipande vya mafuta ya nguruwe ili kuyatia ladha, na jicho haliwezi kuvibaini. Unga wa muhogo uliokaangwa, "farofa", nao pia. Na Jumatano na Jumamosi ndizo siku ambazo São Paulo hula feijoada, mchanganyiko wa maharagwe meusi na viungo vya nguruwe vya kila aina. Siku hizo ajiepushe na kila chungu cheusi.

Maneno machache yatamtosha. "Porco" ni nguruwe. "Toucinho" na "banha" ni mafuta yake. Herufi nh hutamkwa kama ny yetu, basi ni banya. "Presunto" ni paja lake lililokaushwa au kuchemshwa, na "linguiça" na "calabresa" ni soseji zake. "Vinho" ni mvinyo, "cachaça" ni pombe kali ya miwa. Aulize, "Tem porco?", je, mna nguruwe humu? Asitosheke na kusema "sem carne", yaani bila nyama. Kwa masikio ya wengi kule, "carne" ni nyama ya ng'ombe. Ukisema huitaki wanaweza kukuletea kuku, au mkate wenye presunto, kwa moyo mweupe kabisa. Watu wale ni wakarimu, wala hawakasiriki kuulizwa. Huenda mhudumu akaingia jikoni mara mbili na kurudi na mpishi mwenyewe.

Nyumba za nyama choma, "churrascaria", nitazipita haraka. Mtu hulipa bei moja, na wahudumu huzunguka na mishikaki mikubwa mpaka ushibe. Nyama za ng'ombe, kondoo, kuku na soseji za nguruwe hutoka moto mmoja na kisu kimoja. Mwenye kuchagua halali tupu hana chake pale isipokuwa meza ya saladi, na bei yake haistahili majani.

Pizza ni jambo jingine, kwani Waitaliano nao waliujenga mji huu, na Jumapili usiku nusu ya mji huagiza pizza. Ya jibini na nyanya, ya samaki jodari, au ya "palmito", moyo laini wa mti wa jamii ya mnazi, zitawafurahisha watoto. Aombe tu ikatwe kwa kisu safi. Vivyo hivyo asubuhi kwenye "padaria", duka la mikate: mkate wa siagi hupashwa juu ya bamba lile lile lililokaangiwa nyama za nguruwe. Badala yake achukue "pão de queijo", vidonge vya mkate vya unga wa muhogo na jibini, vikiwa vya moto, na kahawa ya maziwa. Liberdade, mtaa wa Wajapani waliofika kwa meli Kasato Maru mwaka 1908, unapendeza kwa matembezi ya Jumamosi na Jumapili, lakini mchuzi wa tambi zake kwa kawaida hutokana na mifupa ya nguruwe, na sosi nyingi huingia pombe ya mchele. Na Mercado Municipal, soko kubwa lililofunguliwa mwaka 1933, lenye madirisha ya vioo vya rangi, hujivunia mkate uliojazwa mortadella hata haufungiki. Hiyo ni nyama ya nguruwe. Jirani yake wanauza pastel ya bacalhau, yaani ng'onda wa Kireno ndani ya unga mwembamba. Aulize mafuta ya kukaangia, kisha ale.

Chakula ambacho mtu wa pwani atakula huko na kunyamaza kidogo ni "moqueca" ya Bahia: samaki aliyepikwa polepole na nyanya, vitunguu, pilipili, giligilani, tui la nazi na mawese. Wapishi wa Bahia waliirithi kwa mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, na mawese yenyewe huitwa "dendê", neno la watu wa Angola. Ipo pia moqueca ya Espírito Santo isiyo na tui; aseme anataka "baiana". Huliwa kwa wali, na mtoto aliyelelewa kwa samaki wa kupaka hataona ugeni wowote. Mas-ala ya kuchinja hayapo, na chungu kimoja huwatosha watu wawili au watatu. Kwa mlo mmoja wa heshima nje ya Brás, ningetumia pesa zangu hapo.

Asilimia 10 itakayoonekana chini ya hesabu ni ya huduma. Sheria haimlazimishi kuitoa, ila desturi ni kutoa pale alipohudumiwa vizuri.

Siku ya mapumziko, awapeleke watoto kwenye "feira", soko la barabarani ambalo kila mtaa una siku yake. Kuna pastel za jibini zinazokaangwa mbele ya macho, na maji ya miwa yanayokamuliwa papo hapo na kutiwa limau au nanasi, sawa na ya kwetu. Kuna muhogo, ambao asili yake ni ardhi ile na uliletwa Afrika na Wareno. Na kuna mabibo. Mkanju pia ulitoka Brazil, hata jina lake ni la huko, "caju". Kwetu tunathamini korosho, na bibo lenyewe huoza chini ya mti au huishia kwenye pipa la ulevi. Kule bibo hukamuliwa na kunywewa baridi, tamu yenye ukakasi kidogo, na mtoto huomba la pili. Wenye kujua bei hungoja mwisho wa soko, saa saba hivi mchana, wakati uitwao "xepa", ambapo wauzaji huanza kushindana kwa sauti kuteremsha bei ili wasirudi na mzigo, na kikapu cha matunda ya aila nzima hupatikana kwa bei ya nusu yake asubuhi.