Mgonjwa wa Akili Si Mhalifu

Mtu aliyevurugikiwa na akili apigapo kelele usiku mtaani Bugembe, majirani hukimbilia kuwaita polisi. Hilo si kosa. Lililo muhimu ni namna askari atakavyomkabili.

Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni, yamtambua kuwa mgonjwa astahiliye tiba. Nayo Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 24, yakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu yeyote.

Askari mwenye busara huwaondoa kwanza watazamaji, kisha husema naye pole pole, mmoja peke yake. Malaria kali nayo huweza kumpotosha mtu fahamu. Basi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Jinja, si mahabusu.

Nanyi jamaa, msimfunge kamba. Mwelezeni askari jina lake, dawa anazotumia, na tangu lini ameziacha. Afungiwaye badala ya kutibiwa hurejea nyumbani na ugonjwa ule ule, na hofu mpya juu yake.