Nimehama, lakini anwani ziko palepale

Kama umeona ukurasa huu umekonda ghafla, kivinjari chako hakijaharibika. Wiki iliyopita nilimaliza kuhamisha maandishi yangu yote kutoka WordPress, nilikokuwa tangu 2006, hadi Hugo, programu inayochukua mafaili ya maandishi matupu na kuyageuza kurasa za HTML mara moja, bila hifadhidata, bila PHP. Makala za miaka yote zimekuja. Ukurasa wa mbele sasa haufiki kilobaiti 50, na hapa Burnt Forest, ambapo umeme ukikatika nabaki na bando la simu tu, hiyo ni habari njema.

Lakini sikuja kuisifu Hugo. Wa kuisifu wapo, na baada ya miaka mitano watakuwa wanasifu kitu kingine. Nimekuja kubishana na ushauri niliopewa na karibu kila mwenzangu wa kazi niliyemwambia ninahama. Ushauri wenyewe ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: anza upya, chagua makala kumi nzuri, nyingine tupa, nani anasoma mambo ya zamani? Wa pili: bonyeza kitufe cha kutoa data, ingiza upande wa pili, maliza kabla ya chai ya saa nne.

Nakataa zote mbili. Mtu akiandika hadharani kwa miaka, anakuwa amewaahidi watu mambo fulani, mengine bila hata kuyatamka. Programu ya kuhamisha haijui lolote kuhusu ahadi hizo. Yenyewe hubeba maneno. Ahadi unazibeba mwenyewe, moja moja, na ndiyo maana kazi ya "kabla ya chai" ilinichukua wiki sita za jioni.

Tuanze na anwani, maana hapo ndipo wengi huharibu. WordPress ya zamani ilizipa makala anwani za namba, zile za ?p=123. Baadaye nikabadilisha ziwe za mwaka, mwezi na jina la makala. WordPress yenyewe ilikuwa inampeleka mgeni wa anwani ya zamani hadi mpya kimyakimya, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba anwani za namba bado ziko hai huko nje. Ziko kwenye tovuti za watu, kwenye barua pepe, na najua moja iliyo ndani ya tasnifu ya mwanafunzi wa chuo. Siku unapoiondoa WordPress, huduma hiyo ya kimyakimya inaondoka nayo.

Dawa yake si ngumu. Niliandika skripti fupi iliyosoma hifadhidata ya zamani na kutoa orodha: namba hii, anwani hii. Orodha hiyo nikaiweka kwenye Nginx, na seva inajibu 301, yaani "mtu huyu amehamia huku kabisa". Hugo ina njia yake ya kufanya jambo hilo kwa kurasa ndogo zinazomrusha msomaji, lakini haisomi kilicho nyuma ya alama ya kuuliza, kwa hiyo kwa ?p=123 ni lazima seva ifanye kazi. Kitu ambacho sikubali ni ile tabia ya kuzielekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele. Ni sawa na makanga anayekushusha stendi ya Eldoret na wewe ulilipa nauli ya Burnt Forest, halafu anakwambia ni hapo tu.

Tim Berners-Lee aliwaonya wenye tovuti kuhusu jambo hili mwaka 1998. Hatukusikia. Mwaka 2024 Pew Research Center ya Marekani ilitoa hesabu: kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Kiingereza kinaweza kupoteza kurasa nyingi kiasi hicho na bado kikabaki na maktaba. Sisi tunaoandika Kiswahili tulianza na kidogo, na sehemu kubwa ya kidogo hicho iliandikwa katika blogu za watu binafsi wakati wa kina Ndesanjo Macha na Jikomboe yake. Ukurasa mmoja wa kwetu ukifa, mara nyingi hakuna mwingine unaosema jambo lile.

Sasa niwaambie kuhusu ng'.

Watu hudhani Kiswahili hakina matatizo ya herufi kwa sababu hatuna alama juu ya vokali kama Wafaransa. Wamesahau kikoma cha juu. WordPress za kabla ya toleo la 2.2 la mwaka 2007 zilikuwa zinamwaga maandishi ya UTF-8 ndani ya majedwali ya MySQL yaliyojitangaza kuwa latin1. Ndani ya nyumba kila kitu kilionekana sawa, kwa sababu kosa lile lile lilifanyika wakati wa kuandika na wakati wa kusoma. Ukihamisha, siri inatoka. Kikoma kilichopinda, ambacho ni baiti tatu katika UTF-8, kinageuka herufi tatu za ajabu, na ng'ombe anakuwa ngâ€™ombe.

Katika majaribio ya kwanza nilipata mamia ya hizo. Ng'ombe, kung'oa, kung'ang'ania, vyote vimechanika. Na majina. Hapa kwetu Wakikuyu wana kina Ng'ang'a, Wakalenjin wana kina Ng'etich, na mfumo uliwavunja wote sawasawa, bila upendeleo. (Katiba ingefurahi.) Tiba ya MySQL ni kuitoa data huku ukiiambia mysqldump kwamba ni latin1, ili isijaribu kukusaidia kwa kuibadilisha mara ya pili, halafu uiingize upya kama utf8mb4. Baada ya hapo kila jina lilirudi.

Ila kikoma kina kesi nyingine upande wa anwani. WordPress inapotengeneza anwani hukitupa, kwa hiyo makala ya ng'ombe hukaa kwenye "ngombe". Skripti nyingi za kuhamisha hutengeneza anwani upya kutoka kwenye kichwa cha makala, na baadhi yake huweka kistari mahali pa kila alama zisiyoijua: "ng-ombe". Kwa mwandishi wa Kiingereza hiyo ni tofauti ya makala chache. Kwetu ni sehemu nzima ya kamusi. Usikubali anwani itengenezwe upya. Ile ya zamani imehifadhiwa kwenye hifadhidata, katika safu ya post_name, na iko pia ndani ya faili la XML ambalo WordPress hukupa. Ichukue kama ilivyo.

Yote hayo yanatengenezeka kwa skripti. Kilichonichukua jioni nyingi ni maoni ya wasomaji, hasa ya Januari 2008.

Wanaoijua barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hawahitaji kuelezwa. Moto ulikuwa umeshapita hapa mwaka 1992, ukarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na watu wakabaki na simu na intaneti. Tarehe 3 Januari Ory Okolloh aliwaomba watu wa teknolojia, kupitia blogu yake ya Kenyan Pundit, watengeneze ramani ya mahali ghasia zinapotokea. Siku chache baadaye Ushahidi ikawa hewani, kazi yake na Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich, ambaye siku zile alikuwa Eldoret. Kobia ndiye aliyekuwa akiendesha jukwaa la Mashada, na mwezi ule ule alilifunga kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamelifurika, akafungua mahali pengine palipoitwa I Have No Tribe.

Mimi sikutengeneza ramani. Niliandika vitu vidogo: barabara imefungwa wapi, maziwa yamemwagwa kwa kukosa lori, nani anauza kadi za simu. Lakini maoni yalikuja kutoka mbali, watu walioko Marekani na Uingereza wakiuliza kama kuna aliyesikia habari za nyumbani kwao, na wengine wakiwajibu chini yake. Maoni hayo yana thamani kuliko makala zangu. Sikufikiria hata dakika moja kuyaacha, ingawa kila mwongozo wa kuhamia Hugo utakaousoma unakwambia maoni ni mzigo.

Yalikuja na mengine pia. Yale unayoyajua. Niliyazuia siku ile ile yalipoingia, hakuna msomaji aliyeyaona.

Hapa ndipo nataka wenzangu watengeneza programu wasikilize. Kuzuia maoni kwenye WordPress hakuyafuti, hukaa tu kwenye hifadhidata yakiwa na alama ya sifuri. Ukibonyeza kitufe cha kutoa data, faili la XML linabeba maoni yote isipokuwa yaliyotiwa alama ya taka. Yaliyozuiwa yamo, na alama yao ndogo pembeni. Hugo haijui alama hiyo ni kitu gani. Skripti uliyoiokota mtandaoni huenda nayo haijui. Matokeo yake ni kwamba uamuzi uliofanya Januari 2008 kwa mkono unaotetemeka unafutwa na programu, kimya kabisa, na matusi yale yanachapishwa kwa mara ya kwanza chini ya jina lako, mahali ambapo watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni vijana wenye simu zao. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitokana na siku zile zile. Jirani yangu hatanielewa nikimwambia ni hitilafu ya kuhamisha data.

Kwa hiyo niliyasoma yote, moja moja. Hakuna skripti iliyonisaidia hapo. Yaliyoidhinishwa yamo chini ya makala zake, na majina ya utani kama yalivyoandikwa. Yaliyozuiwa hayamo popote kwenye seva. Rafiki yangu mmoja anasema ningeyachoma kabisa. Nimeyaweka kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri, ndani ya sanduku, kwa sababu sipendi siku moja mtu aniambie hayakuandikwa. Sina uhakika kama rafiki yangu hana haki.

Kuna jambo jingine ndani ya faili hilo la XML, na ni la hatari zaidi kwa vile halionekani. Kila maoni yana barua pepe ya mwandishi na namba ya IP aliyotumia. Waandishi wa Hugo wengi huweka mafaili yao GitHub kwa wazi, na nimeshaona watu wakitupia humo faili zima la WordPress "kama akiba". Mtu aliyeuliza habari za mama yake mwaka 2008 alikupa barua pepe yake wewe, hakuipa dunia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, hilo halihitaji wakili. Futa safu hizo kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

Nimalize na jina la tovuti. Mwaka 2011 kampuni niliyokuwa nimepanga kwayo seva, sitaitaja, iliwapa wateja siku saba kuondoka. Waliokuwa na jina lao wenyewe walihama na anwani zao kama konokono. Waliokuwa wanatumia jina la bure chini ya kampuni walipoteza kila kiungo. Wa GeoCities waliyaona hayo Oktoba 2009. Na Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipodai ada zilizofika shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, wapo walioamua kufunga. Mfumo gani unatumia ni suala la ladha. Jina liko kwa nani na nani anafuata tarehe ya kulilipia, hilo ndilo swali, na mimi nimelipa miaka mingi mbele kabla sijaandika hata mstari mmoja wa Hugo.

Kilichobaki ni picha. Faili la XML hubeba anwani za picha tu, picha zenyewe ni lazima uzichukue kutoka kwenye seva, na baadhi ya zile za 2007 nilizipiga kwa simu na kuziweka kwenye tovuti ya bure ambayo imeshakufa. Internet Archive imenirudishia tano. Nyingine naendelea kuzitafuta kwenye CD za zamani, kama kisomeo kitakubali.

Mlisho wa RSS uko /feed/ kama kawaida, kwa nyinyi wachache ambao bado mnautumia. Ukikuta kiungo kilichokufa, nitumie anwani yenyewe, usinitumie picha ya skrini.