Uganda ikifuta sheria ya mapenzi ya jinsia moja, hazina itapata nini?

Mei 2023 Rais Museveni alisaini sheria inayofika hadi adhabu ya kifo. Agosti, Benki ya Dunia ikasitisha mikopo mipya kwa Uganda. Januari 2024 Marekani nayo ikaitoa nchi hiyo kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa huko bila ushuru.

Sehemu kubwa ya pesa za Benki ya Dunia ni deni, si sadaka (wengi husahau hili). Ila ni deni la bei poa: riba ndogo, muda mrefu wa kulipa. Likikosekana, serikali inakopa ndani kwa hati fungani zenye riba ya zaidi ya asilimia 10, na riba hiyo inatoka kwenye kodi ileile ya kununua dawa na kulipa walimu. Faida ya kufuta sheria ingekuwa hapo hasa.

Lakini Juni 2025 Benki ilitangaza kurudi, ikisema imeweka tahadhari za kuzuia ubaguzi kwenye miradi yake. Sheria bado ipo. Presha ya kifedha kwa Kampala imeshuka. Inabaki gharama isiyoandikwa kwenye bajeti: wagonjwa wanaokwepa kliniki za VVU kwa kuogopa kuripotiwa, ambao matibabu yao baadaye huwa ghali zaidi.